Toril Moi na kazi zetu za mwisho

Katika kazi zetu za mwisho wa masomo, jina la Toril Moi hupita mbio. Hutokea katika sura ya kwanza, ile ya nadharia, limebanwa kati ya Kristeva na Cixous, na mwaka 1985 katika mabano. Baada ya hapo halionekani tena mpaka orodha ya vitabu. Wengi wanaolinakili wanadhani ni jina la Mfaransa. Si ajabu: ukilisoma kwa Kifaransa linasema "mimi". Lakini Moi ni Mnorwei, na kwa maoni yangu jambo hilo linaeleza sehemu kubwa ya kazi yake.

Ninaandika haya kwa sababu moja. Kila mwaka, majira ya kuchagua mada yanapofika, mwanafunzi anayetaka kulinganisha tafsiri na maandishi asilia hushauriwa atafute mada ya kisayansi. Tafsiri, anaambiwa, ni ufundi. Alinganishe kama zoezi la darasani, utafiti ni kitu kingine. Mimi nasema maisha ya kazi ya mwanamke huyu yanakanusha ushauri huo, na kwamba ushauri huo haufai kutoka katika kitivo cha lugha, tena katika nchi ambayo mtu anavuka lugha tatu kabla ya saa sita za mchana.

Moi alizaliwa mwaka 1953 huko Farsund, mji wa pwani kusini mwa Norwei, akasoma fasihi katika Chuo Kikuu cha Bergen. Tukumbuke Norwei ni nini kwa mtu wa isimu. Ni nchi ya watu milioni tano na ushee, ambayo kwa karne nyingi iliandika lugha ya Denmark, yaani lugha ya waliokuwa wakiitawala hadi mwaka 1814. Baadaye ikajikuta na namna mbili rasmi za kuandika lugha yake, bokmål na nynorsk, na mpaka leo zote mbili zina nafasi shuleni. Hata Ibsen, fahari ya taifa, tamthilia zake kubwa zilichapishwa Copenhagen. Anayekulia katika nchi kama hiyo anajua mapema kwamba lugha ya nyumbani haitamfikisha mbali nje ya mipaka, na kwamba atahitaji nyingine. Sisi hatuhitaji kuelezwa hali hiyo.

Kwake, nyingine hiyo ilikuwa Kifaransa. Kuanzia 1979 hadi 1989 alikaa Oxford, ambako alikuwa mhadhiri wa Kifaransa. Aliongoza pia kituo cha utafiti wa masuala ya wanawake huko Bergen. Kisha akahamia Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, kuwa profesa wa fasihi na wa lugha za Kirumi. Basi tuna Mnorwei anayewafundisha Waingereza Kifaransa, halafu anavuka bahari na kuandika kwa Kiingereza juu ya waandishi wa Paris. Kwa miaka yote hiyo alifanya kazi katika lugha ambazo hakuzaliwa nazo. Kuna watakaoona huo ni upungufu. Mimi naona ndiko kulikotoka makini yake. Mzawa wa lugha huliamini neno kabla ya kulitazama, lakini mgeni hana raha hiyo.

Kitabu cha 1985, Sexual/Textual Politics, ndicho tunachokitaja sote. Kinawapima wahakiki wa Uingereza na Marekani upande mmoja, na Cixous, Irigaray na Kristeva upande wa pili. Ni kitabu kifupi, kikali, kinachosomeka, na kilienea sana katika vyuo. Sina mengi ya kusema juu yake, isipokuwa jambo moja: Simone de Beauvoir anapata humo nafasi ndogo, kama ukumbi wa kupitia ukielekea kwa Lacan. Miaka tisa baadaye, mwaka 1994, Moi anamtolea Beauvoir kitabu kizima, na hapo ndipo ninapoanza kumpenda.

Katika kitabu hicho cha 1994 hamtazami Beauvoir kama mtakatifu wala kama mke asiye rasmi wa Sartre. Anauliza swali la kawaida kabisa, ambalo mwanafunzi yeyote wa Kongo angeweza kuliuliza: msichana huyu aliingiaje katika mfumo wa elimu, na mfumo ulimfanya nini? Mwaka 1929 Beauvoir alifaulu mtihani mkubwa wa ualimu wa falsafa, ule unaoitwa agrégation, akiwa na miaka 21. Alikuwa wa pili. Wa kwanza alikuwa Sartre, ambaye mwaka uliotangulia alianguka katika mtihani huohuo. Sartre alikuwa mwanafunzi wa École normale supérieure. Beauvoir alitokea Sorbonne. Moi anachukua kisa kidogo ambacho Beauvoir mwenyewe anakisimulia katika kumbukumbu zake, siku alipojadiliana na Sartre katika bustani ya Luxembourg na akaona hoja zake zinabomoka, na anakisoma polepole mpaka kinatoa yote kilichonayo: nani aliweka kanuni za mjadala ule, nani alizizoea tangu shuleni, na kwa nini aliyeshindwa alikubali kushindwa haraka vile. Katika sura nyingine anakusanya yale ambayo wahakiki wa Ufaransa walimwandikia Beauvoir kwa miaka mingi, na kuonyesha jinsi walivyokuwa wakiacha kitabu na kumjadili mtu: baridi yake, mavazi yake, mapenzi yake. Nadhani wasichana wa kitivo hiki ambao wameshatetea kazi zao mbele ya jopo wataisoma sura hiyo bila kuhitaji kamusi.

Lakini somo kubwa liko kwenye tafsiri, na hapo nitakaa kidogo.

Le Deuxième Sexe kilitoka Gallimard mwaka 1949, juzuu mbili, kurasa zinazokaribia elfu moja. Tafsiri ya Kiingereza ilitoka New York mwaka 1953. Mfasiri, Howard Parshley, alikuwa profesa wa zoolojia. Hakuwa adui wa kitabu. Alikithamini, na shinikizo la kukifupisha lilitoka kwa mchapishaji. Ila alikata sana, tena bila kuonyesha mahali alipokata. Mwaka 1983 mwanafalsafa Mmarekani, Margaret Simons, alionyesha yaliyotoweka: sehemu kubwa za sura za historia, pamoja na majina ya wanawake wengi ambao Beauvoir alikuwa amewafufua. Moi akaendeleza kazi hiyo mwaka 2002 katika makala marefu yaliyochapishwa kwenye jarida la Signs, na yeye akaelekea hasa kwenye msamiati wa falsafa.

Chukueni "pour-soi". Katika falsafa ambayo Beauvoir aliitumia, neno hilo linataja uhai unaojitambua, ambao kwa sababu hiyohiyo hauna asili iliyokwisha fungwa. Parshley hakulitambua kama istilahi. Mahali fulani katika Kiingereza chake linageuka kuwa maneno yenye maana ya asili ya kweli ya mwanamke. Hali kadhalika "réalité humaine", istilahi iliyotokana na Heidegger, ikawa asili halisi ya mtu. Tazameni matokeo. Mwandishi aliyetumia kurasa elfu kukana kwamba mwanamke ana asili ya kudumu anaonekana, kwa Kiingereza, akidai kwamba anayo. Kwa miaka hamsini na zaidi wasomaji wa Kiingereza walimshutumu Beauvoir kwamba anajipinga. Wengi wao walikuwa wanapingana na Parshley.

Je, huo si utafiti? Una data: kurasa zinaweza kuhesabiwa na mtu yeyote mwenye vitabu viwili mezani. Una dhana inayoweza kuthibitishwa au kukanushwa. Una matokeo yaliyobadilisha historia ya wazo. Mimi sijui sayansi nyingine ambayo ingetaka zaidi ya hayo.

Tafsiri mpya ya Kiingereza, iliyo kamili, ilitoka mwaka 2009, kazi ya Constance Borde na Sheila Malovany-Chevallier. (Wanorwei walikuwa wamekwisha kupata yao kamili mwaka 2000. Lugha ya watu milioni tano iliitangulia lugha ya dunia kwa miaka tisa.) Wengi walitegemea Moi angeshangilia. Badala yake aliipima hadharani, mwaka 2010, kwa ukali uleule aliompimia Parshley. Alilalamika kwamba sentensi zimefuata mno mpangilio wa Kifaransa hadi Kiingereza kinakwama. Na alisimama kwenye kineno kimoja cha Kiingereza: "a". Sentensi ya kwanza ya sura ya kwanza ya juzuu ya pili, ile ambayo hata asiyekisoma kitabu anaijua, yenye kuzaliwa upande mmoja na kuwa mwanamke upande wa pili, katika Kiingereza cha Parshley ina kineno hicho mbele ya "woman". Wafasiri wapya walikiacha. Kwa Kiingereza, ukikiacha, hutaji tena mwanamke mmoja mmoja anayeishi maisha yake; unataja Mwanamke kwa ujumla, lile wazo ambalo Beauvoir alikuwa anapigana nalo.

Ukali huo uliwaudhi watu, na sitasema kila pigo lilikuwa la haki. Wafasiri wawili walifanya kazi ya miaka kurudisha yote yaliyokatwa, na bila wao tungebaki na mapengo. Hata hivyo napenda kwamba hakubadilisha mizani kwa sababu mbuzi ni wa rafiki.

Sasa tuulete mjadala huo kwetu, maana hapa ndipo sisi watu wa lugha za Kiafrika tunaweza kusema kitu ambacho Moi hawezi. Kiswahili hakina kineno kama "a". Tunasema "mwanamke", basi. Ugomvi wote wa 2010 unayeyuka. Ukitaka kulazimisha ukasema "mwanamke mmoja", umeleta maana nyingine, ya fulani ambaye hadithi yake inaanza. Lakini mahali ugomvi mmoja unapokufa, mingine inazaliwa. Kitenzi "kuwa" kinabeba hali na mageuzi pamoja: "alikuwa mwanamke" ni hali iliyopita, na katika muktadha mwingine inaweza kuwa mwisho wa safari. "Amekuwa" inaegemea upande wa mageuzi. Ukitumia "huwa", kama sarufi ya sanifu inavyopendekeza kwa jambo la kawaida, unapata kichekesho: mtu ambaye siku nyingine huwa mwanamke na siku nyingine hapana. "Kufanyika", neno la wahubiri, linaleta harufu ya kanisa. "Kujifanya" ndilo baya kuliko yote, maana huyo anadanganya. Nimejaribu sentensi hiyo na wenzangu wawili jioni nzima, tukajaza karatasi mbili, na hatukukubaliana.

Halafu kuna "femme" yenyewe. Mfaransa ana neno moja kwa mwanamke na kwa mke, na Beauvoir anaitumia hali hiyo. Sanifu inatenganisha: mwanamke, mke. Kiswahili cha Lubumbashi na Likasi kinasema "bibi" kwa mke, wakati huohuo Mtanzania akisikia bibi anamwona nyanya yake. Na sokoni hakuna anayeita mtu mwanamke. Wote ni "mama", awe amezaa au hakuzaa. Mfasiri anayeandika Kiswahili cha wapi? Swali hilo pekee linatosha tasnifu.

Mfano unaonigusa zaidi unatoka katika kitabu chake cha 1999, What Is a Woman? Wakati huo wahakiki wa Kiingereza walikuwa wamezoea kugawa mambo mawili: jinsi ya mwili upande huu, jinsia ya kijamii upande ule, na walidhani bila mgawanyo huo mtu hawezi kuwaza sawasawa. Moi anakumbusha kwamba Kinorwei kina neno moja tu, "kjønn", kwa yote mawili, na kwamba Wanorwei hawajashindwa kudai haki. Mgawanyo, anasema, ni chombo: kinafaa kwa kazi fulani, hakifai kwa nyingine. Beauvoir, aliyeandika bila mgawanyo huo na kuuona mwili kama hali ambamo mtu anaishi na kutenda, alifika mbali kuliko waliokuja na maneno mawili.

Angalieni alichokifanya pale. Amechukua neno la lugha yake ndogo, ambalo wenzake wa Oxford na Marekani hawalijui, na kulitumia kupima nadharia ya lugha kubwa. Hakuomba radhi. Na hakusema Kinorwei kina upungufu wa istilahi, jambo ambalo sisi tunalisema kuhusu lugha zetu karibu kila semina. Kwetu njia ilikuwa kinyume. Kiswahili kilikuwa na "jinsi", kutoka Kiarabu, likimaanisha aina na namna pia. Kisha "jinsia" ikapewa kazi ya kutafsiri mgawanyo wa Kiingereza, ikasambaa kwa mafunzo, vipeperushi na miradi. Leo mwezeshaji anasimama mbele ya akina mama wa kijiji na kutenganisha jinsi na jinsia kama anayetenganisha mchele na mawe. Sijasema mgawanyo huo haufai. Nauliza ni mwanafunzi gani kati yetu amekwenda kusikiliza akina mama wale wanafanya nini na maneno hayo baada ya mwezeshaji kupanda gari.

Hilo linatufikisha kwenye kitabu cha 2017, Revolution of the Ordinary, ambacho wanaisimu tungepaswa kukigombea. Humo Moi anamfuata Wittgenstein, Austin na Cavell na kudai kwamba maana ya neno iko katika matumizi yake, katika yale ambayo watu wanayafanya nalo. Saussure anapewa sura yake. Moi hamshambulii. Anasema Saussure alitaka kuipa isimu kitu chake cha kuchunguza, yaani mfumo wa lugha, na kwa kusudi hilo akaweka kando mengine. Walioharibu ni wana-nadharia wa fasihi waliokuja baadaye, wakachukua hatua hiyo ya kimbinu na kuigeuza falsafa ya ulimwengu, kana kwamba kiashirio kimeelea peke yake na maneno hayagusi vitu. Mtu aliyesoma Cours de linguistique générale, kile kitabu cha 1916 kilichokusanywa na wanafunzi na wenzake baada ya kifo chake, ataona kwamba hoja hiyo inastahili kujadiliwa katika darasa la mwaka wa kwanza. Sisi Saussure tunafundishwa kama amri kumi: alama, kiashirio, kiashiriwa, andika, kariri, pita mtihani.

Kitabu hicho kina pia sura dhidi ya mazoea ya kusoma kwa kushuku, yale ya kudhani kila matini ina siri chini ya zulia na mhakiki ni mpelelezi. Moi anajibu kwamba shaka ni tabia ya msomaji. Mbinu ni jambo jingine. Kilichoandikwa kiko mbele yetu, na kazi ni kukiangalia vizuri. Ningependa sentensi hiyo isomwe kabla ya kila utetezi ambamo shairi la mistari kumi na miwili limewekewa kurasa arobaini za nadharia na kurasa tano za usomaji.

Ninapotofautiana naye ni kwenye neno lake kuu, "kawaida". Kawaida ya nani? Mifano yake imejengwa juu ya wazungumzaji wenye lugha moja kwa wakati mmoja. Mama anayeuza makala huku kwetu anaanza bei kwa Kiswahili, anahesabu kwa Kifaransa, anamgombeza mtoto kwa Kiluba au Kibemba, na kwa mteja mwingine anarudi kwenye Kiswahili kingine kabisa, chenye heshima zaidi. Matumizi ya neno "mafranga" au "bei" hapo yako katika lugha ipi? Wittgenstein anatusaidia nusu ya njia tu. Iliyobaki ni yetu, na si lazima tungoje mtu wa Bergen au wa Oxford aje kuitembea.

Najua jibu moja linalonisubiri: kwamba huyo ni Mzungu anayesoma Wazungu, na sisi tuna wetu. Tuna wetu, kweli. Mmoja wao alikuwa katika idara ileile. Valentin-Yves Mudimbe, mzaliwa wa Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1941, aliyefundisha Lubumbashi katika miaka ya 1970 kabla ya kuondoka nchini, alikuwa profesa wa fasihi huko Duke pia. Mtu wa Likasi na mtu wa Farsund, wote wawili wamelelewa kitaaluma na Kifaransa, wote wawili wakiandika vitabu vyao vilivyojulikana zaidi kwa Kiingereza. The Invention of Africa cha Mudimbe, cha mwaka 1988, kinauliza ni nani aliyetunga maneno ambayo Afrika inajadiliwa kwayo. Moi anauliza maneno hayo yanafanya kazi gani mdomoni mwa anayeyatumia. Mimi nayahitaji maswali yote mawili, na sioni kwa nini nichague moja kwa kutazama pasipoti.

Ninachokiomba kwa walimu wetu ni kidogo na kinaweza kufanyika mwaka huu. Mada ya kulinganisha tafsiri na asilia ikubaliwe kama mada ya utafiti, katika shahada ya kwanza na katika masta, pamoja na masharti yake: mwanafunzi ataje matoleo aliyotumia, aonyeshe kila pengo kwa ukurasa, atenganishe kosa la mfasiri na uchaguzi wa mfasiri, na asiseme "imepotea" bila kuonyesha imepotelea wapi. Nyenzo hazina gharama. Biblia zetu za Kiswahili na za lugha za Katanga zipo, katiba ipo katika lugha za taifa, vipeperushi vya afya vipo. Nyerere alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, na asili zake ziko katika maktaba nyingi. Anayetaka Kifaransa achukue kurasa ishirini za Beauvoir.

Mimi nimeanza na utangulizi wa Le Deuxième Sexe, na nimekwama kwenye "l'Autre". "Mwingine" ni baridi, ni yule uliyemkuta kwenye foleni. "Mwenzake" ndilo neno ambalo Kiswahili kinalitoa kwanza, lakini mwenzako ni mtu wa upande wako, na Beauvoir anasema kinyume: kwamba mwanamume amemweka mwanamke mahali ambapo hawezi kuwa mwenzake. Kihusishi kinakataa hoja. Labda hoja inapaswa kuandikwa upya ili ianze na "mwenzake" na kuonyesha jinsi neno hilo linavyonyang'anywa sentensi kwa sentensi, jambo ambalo Mfaransa hakuwa na namna ya kulifanya. Mwenye pendekezo jingine, hasa kutoka Kiluba au Kisanga, anitafute chumba cha kusomea, siku za Jumanne na Alhamisi baada ya saa nane.